Barua ya wazi: aliyekamatwa chumbani amesafirisha nini?

Kwa Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Waziri wa Katiba na Sheria. Mkurugenzi wa Mashtaka. Inspekta Jenerali wa Polisi. Katibu Mtendaji wa Baraza la Kiswahili la Taifa. Na wahariri wa magazeti, redio na televisheni za Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima, na kwa uchungu pia. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Temeke, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hatuvai majoho, wala haturuhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Kazi yetu ni kukaa na mwananchi kwenye benchi, kumsomea karatasi aliyopewa, na kumweleza kwa lugha ya nyumbani imesema nini. Kwa mashauri mengi kazi hiyo inawezekana. Mirathi inaelezeka, mgogoro wa kiwanja unaelezeka, matunzo ya mtoto yanaelezeka. Zinapokuja kesi za bidhaa haramu, hasa dawa za kulevya, ninakwama kila mara mahali ambapo mtu hakupaswa kukwama katika nchi inayoongea Kiswahili kuanzia sokoni hadi bungeni: huyu mshtakiwa anaitwa nani, na alichofanya kinaitwaje?

Ombi langu ni fupi. Mtu atajwe kwa kitendo chake. Mwenye mali aitwe mwenye mali, aliyebeba aitwe mbebaji, aliyehifadhi asemwe kwamba amehifadhi, anayeuza kete, yaani vipimo vidogo vya dawa za kulevya, aitwe muuza kete, na anayetumia aitwe mtumiaji au mraibu. Na yeyote kati yao ambaye mahakama haijamtia hatiani aitwe mtuhumiwa au mshtakiwa, hata kama mtaa mzima una uhakika naye.

Huenda mkasema haya ni mambo ya walimu wa lugha. Naomba mnisikilize.

Mama mmoja wa Mbagala, anayekaanga samaki jioni, mwanawe alikamatwa usiku kwenye chumba alichopanga. Walimkuta amelala. Chini ya godoro zilikuwamo kete kadhaa zimefungwa kwenye nailoni, na kete, kama mnavyojua kuliko mimi, haifiki hata gramu moja. Alipofikishwa mahakamani alisomewa kwamba anashtakiwa kwa kusafirisha dawa za kulevya aina ya heroini. Akaambiwa hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lenyewe. Upelelezi haujakamilika, kesi ikaahirishwa, karandinga likaondoka naye kwenda mahabusu.

Mama akanikuta nje. "Baba, wamesema amesafirisha," akaniambia. "Amesafirisha kwenda wapi? Huyu mtoto hata nauli ya Kibaha hana. Walimkuta kitandani."

Nilimweleza, na nikadhani amenielewa. Siku chache baadaye nikagundua familia imeshashika njia yake. Wamekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua kwamba kijana hajatoka nje ya Mbagala. Wamemtafuta mwenye nyumba awe shahidi kwamba mpangaji wake halali nje. Wamemfuata dereva mmoja wa basi la mkoani, jirani yao, aje aseme hajawahi kumpakia. Akiba ya biashara ya samaki ikaishia kwenye nauli na vocha za kukusanya ushahidi wa kujibu shtaka ambalo halikuwapo. Hakuna aliyekuwa akimtuhumu kijana yule kwa safari. Alituhumiwa kwa kilichokuwa chini ya godoro, na kuhusu hilo familia haikuandaa hata sentensi moja.

Hapo msimlaumu mama. Chanzo chake ninakifahamu, nanyi mnakifahamu. Sheria Na. 5 ya 2015, iliyoanzisha Mamlaka, ina neno moja la Kiingereza, "trafficking", ambalo tafsiri yake ya kisheria imebeba mambo mengi kwa mkupuo: kuingiza nchini, kupeleka nje, kununua, kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi, kumiliki, kuzalisha, kutengeneza, kubeba, kufikisha na kugawa. Wanasheria wanaliona neno hilo wanaona orodha yote. Sisi tumelipa Kiswahili cha "kusafirisha", na Mswahili akisikia kusafirisha anaona stendi, bandari, uwanja wa ndege, mabegi. Magazeti nayo yanaandika hivyo hivyo kila siku: fulani kizimbani kwa kusafirisha heroini. Msomaji anajenga kichwani picha ya mtu mwenye hati ya kusafiria na tiketi. Ukisoma mpaka aya ya mwisho unakuta alikamatwa uani kwake Manzese.

Tusisahau uzito wa kinachofuata. Baada ya marekebisho ya 2017, kosa hilo linaweza kumpeleka mtu jela miaka 30 au maisha, kulingana na aina na uzito wa alichokutwa nacho, na yapo mashtaka ya aina hii ambayo hayana dhamana. Sheria hiyo hiyo ina kifungu tofauti kwa anayekutwa na kiasi kidogo, chenye adhabu ndogo zaidi. Kwa hiyo sheria yenyewe inajua kupambanua. Kiswahili chetu cha mashtaka ndicho kinachowamwagia wote ndoo moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988, uliopitishwa Vienna na ambao Tanzania ni mwanachama wake, nao unatenganisha kumiliki kwa ajili ya matumizi binafsi na makosa ya biashara yenyewe. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana siku ile, na bado ninafurahi. Lakini kuhamishia mashtaka kwenye Kiswahili hakujakamilika iwapo mama wa mshtakiwa anasikia kila neno na bado anatoka pale hajui mwanawe ameshtakiwa kwa lipi.

Mtaani hali ni nyingine kabisa, kwa sababu mtaa una maneno tele. Nimekulia Temeke na nimeyasikia yakibadilika. Heroini imeitwa poda, imeitwa brauni, imeitwa unga, imeitwa sembe, imeitwa ngada. Anayeuza kwa rejareja ni pusha. Anayemeza pipi, yaani vifurushi vidogo vya dawa, akapanda nazo ndege ni punda. Mkubwa wao magazeti ya udaku yamemwita zungu la unga, wengine humwita papa au kigogo, na wadogo ni dagaa. Aliyeharibiwa na matumizi ni teja. Anayevunjika viungo kwa kukosa dozi ana arosto. Ukiwasikiliza vijana wa maskani utaona wanajua vizuri kabisa nani ni nani: pusha si zungu, teja si pusha, na punda hana hisa kwenye mzigo aliobeba. Wanaochanganya ni sisi watu wa nje, na wanaotufundisha kuchanganya ni matangazo yenu. Kwenye mikutano na waandishi, kwenye mabango, kwenye hotuba za majukwaani, wote hao wamekuwa "wauza unga".

Hilo "muuza unga" lina madhara mengine madogo ambayo nayataja harakaharaka tu. Jiji hili lina maelfu ya watu wanaouza unga wa mahindi kihalali, na soko la Tandale linaishi kwa nafaka. Sidhani kama kuna haja ya kuendelea kulifanya jina la kazi yao kuwa tusi katika kauli rasmi za Serikali. Mtaani liache lilivyo, mtaa una lugha yake. Kwenye taarifa ya kamishna, hapana.

Kuhusu punda nina la kusema zaidi. Mwaka 2013 wafungwa Watanzania waliokuwa magerezani Hong Kong waliandika barua kuja nyumbani, wakisaidiwa na padri wa magereza, John Wotherspoon, kuwasihi vijana wenzao wasikubali kubeba. Wale walikuwa wameshahukumiwa au wanangoja hukumu, mbali na mama zao. Barua zao zilijaa kitu kimoja ambacho vichwa vya habari hukiacha nje: kuna mtu aliyewaambia wabebe. Neno punda ni la kudhalilisha na singependa kulisikia kinywani mwa ofisa wa umma, ila mtaa ulipolichagua ulisema kweli moja. Punda hajipakii mzigo. Kila tukitangaza kwamba "msafirishaji" amekamatwa uwanja wa ndege na tukaishia hapo, tumeonyesha kwamba kazi imekwisha wakati aliyepakia yuko kwake anatafuta kijana mwingine.

Mnakumbuka taarifa ya Desemba 2023, Mamlaka ilipotangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Nilijivunia kazi ile, na naisema bila kusita: shehena ya namna hiyo ingeingia mitaani, sijui tungezika vijana wangapi. Sasa liwekeni lile tukio kando ya kijana wa Mbagala. Kwa upande mmoja tani tatu na zaidi, zilizohitaji mtaji, maghala, vyombo vya usafiri na watu wa kuzifungasha. Heroini inayofika pwani yetu inatoka mbali, Afghanistan, inashuka hadi pwani ya Makran na kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi. Hakuna mtu wa chumba kimoja anayeweza kuendesha safari hiyo. Kwa upande wa pili kete zilizo chini ya godoro. Kisha katika kinywa cha Serikali na kwenye kurasa za magazeti wote hawa wanapewa jina moja na kitenzi kimoja. Anayenufaika na mchanganyiko huo ni mwenye tani. Takwimu za "wauza unga" waliokamatwa zinapanda, wananchi tunaridhika, na hakuna anayeuliza katika idadi ile wenye mali ni wangapi.

Wahariri, hapa mna sehemu yenu. Mnapomtoa mkubwa mnampa cheo. Februari 2019 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimhukumu raia wa China, Yang Feng Glan, kifungo cha miaka 15 kwa makosa yanayohusu meno ya tembo, na dunia nzima ikamwandika kama "Malkia". Vijana wa vijijini wanaokamatwa na bunduki porini ni majangili, neno kali na lenye haki ya kuwa kali. Aliyehukumiwa kwa kuongoza biashara ya meno yale ni malkia. Papa, kigogo, zungu, bosi, don: katika orodha hii yote ya majina tunayowapa matajiri wa biashara haramu, hakuna hata moja linalomfanya mtoto wa darasa la sita aone aibu kuwa hivyo. Na ukienda upande wa pili, teja, mvuta unga, punda, pusha, hakuna hata moja linalomwachia mtu utu wake. Mkiendelea kuyapanga hivi, mtoto anayekua katika mitaa ya Kigogo au Keko anajifunza kwamba ubaya uko kwenye umaskini wa mhalifu.

Nchi hii imewahi kupita njia hii, na wazee wa Kariakoo wanaikumbuka. Mwaka 1983, bidhaa zikiwa adimu na foleni ndefu kwenye maduka, hayati Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mlanguzi, kwa Kiswahili chetu cha wakati ule, alikuwa anayenunua kwa bei ya dukani na kuuza kwa bei ya kuruka, na magendo ilikuwa kupitisha mali kwa njia ya panya. Namheshimu Sokoine kama Watanzania wengi wanavyomheshimu, na sina shaka walikuwepo watu walioficha sukari na sabuni huku wenzao wakiteseka. Lakini sheria maalumu iliyotungwa mwaka ule iliwapeleka watuhumiwa kwenye baraza lisiloruhusu mawakili, na neno "mhujumu" likatosha kumkumba mwenye ghala na mwenye katoni mbili za sabuni uvunguni. Serikali yenyewe iliona kasoro. Mwaka 1984 sheria ile ikaondolewa, ikaja Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa, na mawakili wakaruhusiwa. Watu walirekebisha sheria. Neno halikurekebishwa, na hadi leo jalada la kijana mwenye dawa za kulevya linaweza kufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi, na baba yake mwenye umri wa kukumbuka 1983 akahisi mwanawe ameshtakiwa kwa kuisaliti nchi.

Tukaja 2017. Februari ya mwaka huo aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alisoma hadharani majina ya watu waliotakiwa kufika polisi kuhusiana na dawa za kulevya. Walikuwemo wasanii, wafanyabiashara, wanasiasa, hata kiongozi wa dini. Sibishani na nia ya vita ile, kwani mtaa wangu ulishazika vijana kwa sababu ya heroini. Ninachosema ni kwamba siku zile nilikuwa nikipita vijiweni, na sikusikia mtu akitofautisha kati ya aliyetuhumiwa kuvuta, aliyetuhumiwa kuuza, na aliyetakiwa tu kwenda kuhojiwa. Wote walikuwa wameshakuwa wauza unga kabla ya magharibi. Wengi wao hawakuwahi kutiwa hatiani kwa biashara hiyo, na jina halijawatoka. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), imeandikwa kwa Kiswahili kizuri ambacho hakihitaji mkalimani: "ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia ya kutenda kosa hilo". Kumtaja mtu kwa jina la kosa mbele ya kamera ni kumtendea kama mwenye kosa. Sioni tafsiri nyingine.

Wanaoumia zaidi ya wote katika hili ni waraibu, na hapa naomba wizara ya afya nayo isome ingawa sikuiandika juu. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke. Kwa wasiojua, mraibu anakwenda kliniki, kwa kawaida kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya mhudumu, na taratibu anaacha kuishi kwa kukimbizana na arosto. Nimeona vijana waliokuwa wanalala kwenye mitaro wakarudi kufanya kazi za ufundi. Ni jambo la kujivunia ambalo Tanzania ililianza mapema kuliko majirani zake wengi. Ila mlango wa kliniki unahitaji mtu aseme mwenyewe: mimi ni mraibu, nisaidieni. Atasemaje hivyo ikiwa kwenye mtaa wake mraibu, pusha na zungu ni kitu kimoja, na ikiwa anaamini mwenye kukiri anajipeleka mikononi mwa polisi?

Dada mmoja aliyekuwa akihangaika na kaka yake alikwenda kwenye ofisi moja ya mtaa kuomba barua ya utambulisho ili ampeleke kwenye matibabu. Alirudi na barua yenye muhuri, iliyoandikwa kwamba mhusika ni "mkazi wa mtaa huu anayejihusisha na biashara ya dawa za kulevya". Aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Aliandika maneno anayoyasikia kila siku redioni. Kaka alipoisoma aliichana palepale uani, akasema haendi na karatasi ya kujifunga. Tulirudi ofisini, tukaomba iandikwe upya: "anasumbuliwa na uraibu, anahitaji matibabu". Ofisa alikubali bila ubishi, akatuomba radhi. Lakini kumrudisha yule kaka kwenye uamuzi wa kwenda kulituchukua muda mrefu sana, na kila siku aliyochelewa ilikuwa siku ambayo angeweza kufa.

Najua bidhaa haramu si dawa za kulevya peke yake. Mamlaka ya Mapato inapambana na magendo kwenye bandari bubu za pwani yetu, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaipa nguvu. Huko nako kuna mama anayeshuka kwenye boti ya Zanzibar na madumu mawili ya mafuta ya kula akiitwa "wa magendo", sawasawa na mwenye jahazi zima la sukari. Mtwara na Lindi kulikuwa na kangomba, wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa kuwachuja kangomba uliwafanya hata wakulima halisi wasubiri fedha zao. Na jina hutegemea sheria ya mahali: mwenye kilo za miraa ni mkulima na mfanyabiashara akiwa Meru, Kenya, na akivuka nazo Namanga ni mhalifu wa mirungi. Hata neno mlanguzi lenyewe limehama. Redio za Nairobi zikisema mlanguzi wa dawa za kulevya zinamaanisha huyu tunayemwita muuza unga, huku sisi mlanguzi tunamjua kama yule anayetupandishia bei ya tiketi za basi Mbezi Luis msimu wa sikukuu. Watu wetu wanasikiliza redio zote mbili. Baraza la Kiswahili lina kazi hapo, na siwezi kuwafundisha namna ya kuifanya.

Sasa niseme nani afanye nini, kwa kadiri ninavyoona.

Mkurugenzi wa Mashtaka, hati ya mashtaka ikishataja kifungu na jina la kosa, maelezo ya kosa yaeleze kitendo kwa kitenzi cha kawaida: alikutwa amehifadhi, alikutwa anauza, alikutwa amebeba, mahali fulani, kiasi fulani. Kiswahili kina vitenzi hivi vyote na mtoto anavijua. Waziri wa Katiba na Sheria, wakati sheria zinaendelea kuwekwa katika Kiswahili, neno "kusafirisha" kwenye sheria hii litazamwe upya. Mimi ningeridhika na "biashara haramu ya dawa za kulevya" kwa kosa kubwa, kisha matendo yatajwe moja moja, na "kusafirisha" libaki kwa anayesafirisha kweli. Wapo wataalamu wa kuliona vizuri zaidi yangu. Ninachokataa ni kuundiwa msamiati mgeni ambao utatulazimu wasaidizi wa kisheria kuutafsiri tena kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

Kamishna Jenerali, mnapotoa takwimu za waliokamatwa, zigawanyeni. Tuambieni wenye mali wangapi, wabebaji wangapi, wauza kete wangapi, na wangapi walikutwa na kiasi cha matumizi. Nanyi mtajisaidia, kwa maana wananchi wakiona namba ya wenye mali ni ndogo watawaunga mkono mnapoomba vifaa vya baharini na fedha za upelelezi. Inspekta Jenerali, maofisa wa vituo waelekezwe kwamba mtu asianikwe mbele ya kamera na kutajwa kwa jina la kosa kabla ya kufikishwa mahakamani. Watendaji na wenyeviti wa mitaa wapewe mfano wa barua ya kumpeleka mraibu kliniki, ukurasa mmoja tu, ili wasilazimike kubuni maneno. Wahariri, achaneni na malkia na zungu. Mwiteni mtu alivyoitwa na hukumu.

Nimeiandika barua hii bila kumshirikisha kiongozi wangu yeyote, na maneno yaliyomo ni yangu. Yule kijana wa Mbagala bado yuko mahabusu wakati naandika, na mama yake sasa ana nakala ya hati ya mashtaka ambayo nimemwandikia pembeni, kwa kalamu ya risasi, kila mstari unadai nini. Iwapo yupo kati yenu atakayependa kuona jinsi mashtaka haya yanavyoeleweka yakifika nyumbani kwa mshtakiwa, aje Temeke akae nasi kwenye benchi asubuhi moja. Wateja wetu wenye kesi za namna hii huja mapema, kabla ya saa mbili, ili wawahi mahakamani.

Wenu katika kazi,

Msaidizi wa kisheria,
Temeke, Dar es Salaam